Kombe Nililomwandikia Mwanangu

Mwandiko wangu ni mzuri. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo pekee ambalo watu wa Dunda, mtaa wetu wa Bagamoyo, walilikubali bila ubishi niliporudi kutoka Misri, na kwa sababu ndilo lililokaribia kumzika mwanangu.

Nilikaa Misri miaka minane, katika chuo kikuu kilichomo ndani ya msikiti, nikasoma sheria, nahau, mirathi na tiba kidogo. Nikarudi Bagamoyo na sanduku la vitabu, kikohozi kisichokwisha, na ndevu ambazo mama yangu alisema zimenizidi umri. Watu walinipokea vizuri. Walinisikiliza nikieleza tofauti za wanavyuoni, wakapiga miayo kwa adabu, kisha wakaniuliza kama najua kuandika kombe.

Najua, nikawaambia. Sahani nyeupe ya kaure, zafarani iliyolowekwa katika marashi ya waridi, kalamu ya unyasi iliyochongwa upya, na aya zikisimama mviringo kuizunguka sahani mpaka zikutane katikati. Ukishakauka wino unaiosha sahani kwa maji, na maji yale mgonjwa anayanywa. Mwenye homa alikunywa kombe langu, mwenye ndoto mbaya akanywa, wapagazi waliofika kutoka bara na miguu iliyovimba wakanywa. Wengine walikuwa wakiitazama sahani muda mrefu kabla ya kuiosha, wakasema ni hasara kuufuta mwandiko kama ule. Nami nilikuwa nikiinamisha kichwa, kama mtu asiyependa sifa, na kuisogeza sahani kidogo upande wenye mwanga.

Nilioa nikiwa nimechelewa. Mwaka ninaousimulia, miaka michache kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao mjini kwetu, nilikuwa nimeshapita arobaini, na mimi na mke wangu tulikuwa tumekwisha kuzika mtoto mmoja, aliyeishi siku tisa. Kwa hiyo binti yetu alipozaliwa, siku ya tisa ilikuwa mlango ambao kila mtu nyumbani aliuona na hakuna aliyeutaja.

Mama mkwe alihamia kwetu kwa ajili ya siku arobaini za uzazi, akalala chumbani na mke wangu na mtoto. Yeye na mimi hatukuzungumza. Hapakuwa na ugomvi. Ilikuwa heshima tu, kama ilivyo desturi baina ya mkwe na mkwe, na yeye aliishika heshima hiyo kwa nguvu zote. Alipotaka kuniambia kitu alimwambia mkunga, na mkunga asipokuwapo aliuambia mtungi wa maji uliokuwa penye mlango wa ua. Mtungi ule ulisikia mengi kunihusu.

Siku tatu za mwanzo mtoto hakupewa titi. Hivyo ndivyo watu wote walivyofanya: maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano, yalikamuliwa yakamwagwa kwa kuwa ni machafu, na mtoto akalambishwa asali na maji. Katika sanduku langu mlikuwa na kitabu cha tiba chenye mlango mzima kuhusu kunyonyesha. Nilikuwa nimeunakili kwa mkono wangu mwenyewe, wino mweusi na vichwa vyekundu, na kama ungeniuliza unasema nini nisingekumbuka hata neno moja. Nilikumbuka tu kwamba vichwa vyekundu vilitoka vizuri.

Siku ya saba alinyolewa. Nywele za mtoto hupimwa, na fedha ya uzito wa nywele hizo ikatolewa sadaka, basi nilimwita Mhindi mwenye duka la sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti, aje na mizani. Alikuwa jirani yetu, mtu mwembamba, mpole, ambaye nguo zake zilinuka utomvu na vumbi la duka. Mizani yake hakumwazima mtu. Alikuja nayo mwenyewe kila ilipohitajiwa, akiibeba kama mtu abebaye yai. Aliketi barazani, akapima zile nywele, ambazo hazikumshughulisha sana, na mimi nikiwa nimesimama pale ikanijia fikra ya kisomi. Fikra ya kisomi ni fikra ambayo ingeweza kumjia mtu yeyote, ila ikimjia msomi huitangaza. Nikasema, ikiwa tunazipima nywele, kwa nini tusimpime mwenyewe?

Kutoka uani nikamsikia mama mkwe akiuambia mtungi.

“Mtungi we, umepata kuona mtoto akapimwa kama sandarusi? Sandarusi hupimwa kwa kuwa inauzwa. Huyu anauzwa kwa nani?”

Mhindi alitazama miguu yake. Mimi nilikuwa tayari kuiacha fikra yangu ipite, maana nimewahi kuacha nyingi zilizo bora kuliko ile kwa kuwaogopa wakubwa. Lakini mke wangu, ambaye kwa kawaida hakuwa akijibizana na mama yake, alisema kutoka ndani kwa sauti ya chini kwamba apimwe. Alikuwa amekwisha kuona jambo ambalo sisi wengine hatujaliona. Mapaja ya mtoto yalikuwa na makunyanzi.

Mkunga akamleta mlangoni amefungwa katika leso. Mhindi akaitundika mizani yake kubwa, ile ya sandarusi, kwenye boriti ya baraza, akatandika gunia safi juu ya kitanga kimoja, akapanga mawe kwenye kingine, kisha akapima leso peke yake na kuitoa. Ratili sita kamili. Hakuna aliyejua kama ni nyingi au ni chache. Mhindi alisema sandarusi ya ratili sita ni kitu kidogo, kisha akaona haya, akasema yeye si mjuzi wa watoto.

Siku ile ile baada ya alasiri nikaandika kombe la kwanza.

Sahani moja ikioshwa hutoa finjani moja ya maji. Mkunga alimnywesha kwa kijiko kidogo, tone kwa tone, na mtoto ambaye alikuwa amelia tangu asubuhi akanyamaza, akafumba macho, akalala mpaka jioni. Mama mkwe akauambia mtungi kwamba alhamdulillahi, dua imeingia. Hayo ndiyo yalikuwa maneno mazuri ya kwanza kwangu kutoka kwake tangu harusi, ingawa aliyepewa ni mtungi.

Kesho yake nikaandika tena. Siku ya tisa ikaja na ikapita. Siku ile niliswali kila sala msikitini na kila nilipotoka niliogopa kuona mtu anakimbia kunifuata. Hapakuwa na mtu. Siku ya kumi Mhindi akaja na mizani, muda mfupi baada ya mtoto kunyweshwa kombe lake, naye mtoto akiwa bado na winda lake la kitambaa lililolowa, na mizani ikatoa ratili sita na wakia mbili.

Nilisema mbele ya watu waliokuwa wamekaa barazani kwamba jambo liko wazi. Nakumbuka neno hilo. Likiwa liko wazi hivyo, nikaongeza: sahani tatu kwa siku, asubuhi, adhuhuri na alasiri. Wakia mbili zile nilizisimulia msikitini, dukani na kwa mtu mmoja kutoka Saadani aliyekuja kuniuliza habari za mirathi.

Sijui vizuri ni siku gani kilio chake kilibadilika. Mtoto mwenye njaa analia kwa hasira, na wiki ya kwanza alilia hivyo, uso mwekundu na ngumi hewani. Kisha kilio kikawa kama cha paka mchanga aliye mbali. Kisha akawa analia kidogo tu na kulala, na sisi tukasema ametulia. Alipopewa titi alinyonya mara nne, mara tano, akalala na chuchu mdomoni. Mkunga alimgusa utosi, akaukuta umebonyea. Winda lake liliendelea kulowa, na hilo ndilo lililotuliza nyoyo; ila kile kitu kingine ambacho mtoto anayeshiba hukitoa mara nyingi kwa siku, hakukitoa siku mbili.

Ngozi ya mikono yake ikawa kama nguo ya mtu mkubwa aliyovishwa mdogo. Uso ukawa wa mzee. Aliponitazama, na watoto wachanga hawatazami, najua, lakini aliponitazama nilihisi kama nimekaa mbele ya mwanachuoni aliyeniuliza swali nami sikusoma.

Ndipo mkunga akaniita pembeni, karibu na jiko. Alikuwa mwanamke wa makamo ya mama yangu, aliyenipokea mimi mwenyewe nilipozaliwa, na kwa hiyo elimu yangu haikumtisha.

“Mwanangu,” akasema, “nakuuliza nawe usinifiche. Umemwendea mkeo?”

Nilielewa anachouliza. Mtoto akikonda bila sababu inayoonekana, pwani yote inajua la kusema: amebemendwa. Baba hakuvumilia, amemwendea mama kabla ya wakati, na maziwa yameharibika. Ni aibu ambayo hainawiki. Mama mkwe alikuwa amenihesabu nikiingia chumbani mara tatu kila siku, na mimi niliingia mara tatu kila siku kwa kuwa sikumwamini mtu mwingine kuibeba sahani.

Nikaapa. Nikasema nimeingia na sahani tu na nimetoka na sahani tu. Mkunga akasema ananiamini, kwa kuwa mtu mwenye kosa lile asingetaja sahani. Akaenda kumwambia mama mkwe. Kutoka uani nilisikia kata ikitumbukizwa mtungini kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Siku ya kumi na tano mtoto alipimwa kabla ya kombe la asubuhi. Mhindi aliweka mawe, akayatoa, akaweka madogo. Akabadilisha vitanga, mtoto upande wa kulia, mawe upande wa kushoto. Akapuliza vumbi.

“Mwalimu,” akasema, “mizani yangu haina kosa.”

Ratili tano na nusu.

Aliitungua mizani taratibu, akakataa kahawa, akaondoka. Siku zote alikuwa akinywa kahawa yetu.

Nikafanya lile nililolijua. Nikaandika sahani saba. Nilifunga darsa yangu, nikaketi toka asubuhi mpaka adhuhuri nikiandika, na herufi, Mungu anisamehe, zilikuwa nzuri kuliko zote nilizopata kuandika. Huzuni inafaa sana kwa mwandiko. Nikaziosha zote saba katika birika moja, nikalipeleka ndani. Mtoto hakuweza tena kumeza haraka, hivyo ilichukua muda mrefu, tone na tone, na kila nilipochungulia nilimwona mkunga ameinama na kijiko na mke wangu ameegemea ukuta, titi lake limefunikwa, akingoja zamu yake ambayo haikuja, kwa kuwa mtoto alikuwa ameshajaa na amelala.

Tukatafuta wa kumnyonyesha. Mkunga alizunguka Dunda nzima. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mchanga alikuwa na homa. Mwingine alikubali, ila mumewe akaja kwangu asubuhi, akakaa kwa adabu, akanieleza kwamba mkewe akimnyonyesha binti yangu basi wanawe watakuwa ndugu zake wa kunyonya na hawataweza kumwoa, naye alikuwa na matumaini kwamba siku moja nyumba zetu zitaungana. Alinitolea dalili za kisheria. Zote zilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyemfundisha, katika darsa ya mwaka uliotangulia, na alikuwa mmoja wa wanafunzi wangu wachache wasiosinzia. Nilitaka kumwambia kwamba ili waoane lazima kwanza awe hai. Badala yake nilimshukuru kwa kuja, nikamsindikiza mpaka njiani. Nikirudi nilijiona mtu wa ajabu.

Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu. Kwa kazi yangu niliitwa kwenye misiba mingi, na nimekata sanda za watu wakubwa na wadogo, hata jicho langu limezoea. Mchana mmoja niliachwa na mtoto kidogo, mkunga akiwa jikoni na mke wangu akioga. Alikuwa amelala juu ya mkeka. Nikaweka kiganja changu karibu naye, kidole gumba kichwani, kidole kidogo kifuani, kisha nikahamisha tena mpaka miguuni. Shubiri mbili na vidole vitatu. Niligundua ninachokifanya mkono ukiwa bado chini. Niliondoka chumbani nikakaa chooni, mahali pekee pasipo na mtu, mpaka niliposikia sauti ya mke wangu ikiniita. Mwanamke aliye katika arobaini hamwiti mumewe kwa sauti. Nilijua mtoto amekufa.

Hakuwa amekufa. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, nywele zimelowa, na mbele yake sinia. Juu ya sinia alikuwa amepanga finjani nane. Saba alizijaza kutoka katika birika langu la siku ile, maji ya manjano ya zafarani mpaka ukingoni. Ya nane ilikuwa na maziwa yaliyofunika chini tu, kama kahawa iliyobaki baada ya mgeni kuondoka.

“Haya ya mwisho nimeyakamua sasa hivi,” akasema. “Titi zote mbili. Zamani yalikuwa yakinitoka yenyewe na kulowesha nguo. Sasa ndiyo haya.”

Nikamwambia kwamba nitamletea mchuzi wa pweza, nitamletea—

“Mume wangu, ngoja. Nipe mkono wake.”

Nilimpa mkono wa mtoto. Akaukunja ukawa ngumi, akauweka kando ya finjani. Ngumi ile ingeweza kuingia ndani ya finjani na nafasi ikabaki.

“Mkunga anasema tumbo la mtoto ni kama ngumi yake. Hizi saba umeziandika wewe, na zote zinaingia humo. Maziwa yangu yaingie wapi?”

Natamani niseme kwamba nilielewa pale pale, lakini nilichokifanya kwanza ni kutetea. Nilisema yale si maji tu. Nilisema yamo maneno ambayo milima ingepasuka kwa ajili yake. Akasema anajua, anaamini kuliko mimi, na hajasema yamwagwe. Alizungumza polepole, kama mtu anayembembeleza mnyama aliyeingiwa na hofu. Alisema siku ya kumi mizani ilipanda kwa sababu mtoto alikuwa na maji tumboni na maji kwenye winda. Alisema winda linalolowa ndilo lililotudanganya. Alisema anapokunywa kombe analala, anapolala hanyonyi, asiponyonya titi linajua halihitajiki, na linakauka. Aliyasema yote bila kitabu.

Kisha akachukua finjani ya kwanza ya kombe langu, akasema bismillahi, akainywa mpaka chini. Akachukua ya pili.

“Nitakunywa mimi,” akasema. “Wewe andika utakavyo. Dua itamfikia kwa njia ya maziwa.”

Akanywa zote saba. Alikuwa na kiu, masikini. Kumbe muda wote ule katika nyumba iliyokuwa inaosha sahani kutwa hapakuwa na mtu aliyemletea mama mzazi maji ya kutosha. Maziwa ya finjani ya nane alimpa mtoto kwa kijiko kile kile.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Nilingoja auambie mtungi kitu, ila aliliinua birika tupu, akalitikisa, akaenda nalo.

Ningependa kusema kwamba kuanzia saa ile mambo yakanyooka. Siku nne zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote, kwa kuwa sasa tulijua, na kujua hakumnenepeshi mtoto. Alikuwa amedhoofu hata kunyonya kwenyewe kulikuwa kazi ngumu kwake. Mkunga aliichukua kazi ile kama mpagazi anavyouchukua mzigo, bila kusema. Alimvua mtoto leso zote, maana mwenye joto hulala. Alimfuta nyayo kwa kitambaa kibichi ili aamke. Akisinzia kwenye titi, mke wangu alilibinya titi taratibu maziwa yamjie mdomoni, naye akameza, akakumbuka kunyonya tena. Wakitoka titi la kwanza wakaenda la pili, kisha wakarudi la kwanza. Baadaye mke wangu alikamua kilichobaki, na kile nacho kikaingia kwa kijiko. Wakimaliza walipumzika muda wa kupika chungu cha wali, wakaanza upya.

Mimi niliandika. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi niliyopewa, nami nilishukuru kupewa. Niliandika sahani, nikaziosha, nikampelekea mke wangu, naye akanywa kila alipoketi kunyonyesha. Mama mkwe aliongeza uji wa mtama na mchuzi wa samaki. Katikati ya sahani na sahani nilifungua sanduku, nikatafuta kile kitabu cha tiba, nikausoma ule mlango niliounakili. Mengine humo yalikuwa upuuzi. Lakini katikati ya ukurasa, kwa mwandiko wangu mwenyewe, mzuri sana, kulikuwa na maneno kwamba mtoto mchanga asijazwe maji akasahau titi. Niliyasoma mara tatu. Nilikuwa nimeweka hata nukta za mapambo pembeni.

Nilitaka kuichana ile karatasi. Sikuichana, ilikuwa imetoka vizuri mno. Hivyo ndivyo nilivyo.

Siku ya pili ya utaratibu ule mtoto hakuamka kwa kufutwa nyayo. Mkunga alimfuta tena, akamgeuza, akampigapiga mgongo, akamwita kwa majina ambayo wakunga huwaita watoto na ambayo hayaandikiki. Niliona midomo ya mkunga ikisoma kitu. Kisha mtoto akatoa sauti, si kilio, kama mtu aliyesumbuliwa, akafungua mdomo kutafuta. Mkunga akamweka kwenye titi na kutoka nje, akakaa juu ya kinu uani, akafunika uso kwa kanga. Yule mwanamke aliyenipokea mimi na nusu ya watu wa Dunda nilimwona akitetemeka mabega.

Siku ya ishirini Mhindi alikuja bila kuitwa. Alisema alikuwa akipita. Duka lake liko upande mwingine na alikuwa ameibeba mizani. Akatundika, akatandika gunia, akapima leso kwanza. Mimi nilisimama nikiutazama ukuta. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba ikiwa ni ratili tano sitamwambia mke wangu, na nilikuwa nikitunga uongo, na hata katika kutunga ule uongo nilikuwa nikichagua maneno.

Mawe yaligonga kitanga, moja, moja, moja.

“Tano na nusu,” Mhindi akasema. Akangoja, akagusa kamba ili itulie. “Hajapungua, mwalimu.”

Nimesikia wasomaji hodari wa Kurani Misri, na nimesikia mashairi yakisomwa mbele ya mawaziri. Sijapata kusikia neno zuri kama hajapungua. Nilikaa chini pale pale juu ya vumbi la sandarusi lililodondoka kutoka kwenye gunia, nikalia mbele ya Mhindi, naye kwa heshima akaanza kuyafuta mawe yake moja baada ya jingine, yote, pamoja na yale ambayo hakuyatumia.

Jioni ile mtoto alilia. Kilio cha hasira, uso mwekundu, ngumi hewani. Maziwa ya mke wangu yakatoka yenyewe yakalowesha nguo kabla hajamfikia.

Siku ya ishirini na nne tulimpima asubuhi, mapema, winda kavu, tumbo tupu, kama mke wangu alivyoagiza, maana yeye ndiye sasa aliyekuwa akitoa amri za mizani. Mhindi alitundika, akapanga. Mimi na mkunga tulikuwa barazani. Mke wangu alikuwa nyuma ya mlango. Nyayo zikasikika uani, kata ikagonga ukingo wa mtungi, kisha zikaja mpaka kizingitini na kusimama. Nilijua ni nani, nikainamisha macho kama inavyopasa.

“Ratili ngapi?” akauliza mama mkwe.

Nilingoja mkunga ajibu. Mkunga alikuwa akiniangalia. Nikageuka nikauangalia mtungi, ambao ulikuwa mbali, penye mlango wa ua, na hakuna aliyekuwa akiuambia kitu. Swali lilikuwa langu. Mimi, mtu wa miaka minane ya Misri, nilifungua kinywa kumjibu mama wa mke wangu kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na sauti haikutoka.

Nikamwonyesha kwa vidole. Vitano vya mkono mmoja, kisha vitatu vya mwingine nikivikunja nusu, nikijaribu kuonyesha robo tatu, ishara ambayo hakuna mtu duniani angeielewa.

“Tano na robo tatu,” Mhindi akasema kwa niaba yangu.

Mama mkwe alimchukua mtoto kutoka kitangani kwa mikono yake mwenyewe. Akampima hivyo, juu, chini, mara mbili, kama wanawake wanavyopima kuku sokoni, akasema mizani ya Mhindi ina ubahili.